Lali na Mwiko wa Halua

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Siyu, zama za waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, alikuwako mpishi wa halua aitwaye Lali, mja mwenye kushika swala zake. Alimpikia Bwana Shekuwe, mwenye duka. Nanyi mwajua halua ilivyo: ikianza kuchemka, mwiko hautoki mkononi. Ukiiacha kidogo tu hushika chini, na ikishika chini imeharibika yote.

Taabu ni kwamba Bwana Shekuwe alikuwa mtu wa kuita. "Lali! Njoo umshike mbuzi huyu!" "Lali! Njoo umsalimie mgeni!" Lali huenda mbio, hurudi mbio, hukuta moshi. Kisha bwana humkemea mbele ya wanunuzi: "Huyu hupika amelala!" Watu wakicheka. Lali hunyamaza, nao humsifu kwa subira.

Lakini subira yake ilikuwa ya pale dukani tu. Akifika nyumbani humwaga yote kwa mkewe, Mwana Esha, na msikitini huwamalizia jirani. Na kila asubuhi hurudi kazini amechoka kuliko jana.

Ikafika siku ya kupika halua ya harusi ya binti wa kadhi. Lali yuko jikoni nyuma ya duka tangu alfajiri, mabega yamekufa ganzi, halua ndiyo kwanza inaanza kuvutika. Sauti ikatoka dukani: "Lali! Njoo unibebee gunia!"

Nafsi ikamwambia: nenda. Si umeitwa? Iungue, aaibike mbele ya kadhi, akome.

Lali akauacha mwiko, akafika mlangoni. Hapo akamwogopa Mola wake, kwani alijua utiifu ule ni hila. Akarudi upesi, akakoroga, akajibu kwa upole: "Bwana wangu, nikija itaungua. Tafadhali njoo wewe, nina neno."

Bwana Shekuwe akaja amevimba. "Leo mimi ndiye naitwa?"

"Kwanza nisamehe, bwana. Nimekusengenya. Kila mtu ajua nimechoka nawe, ila wewe."

"Umechoka na nini?"

"Kuitwa halua ikiwa motoni, kisha kukemewa mbele za watu ikiungua. Nikikosa, nikemee humu ndani. Lakini nikiwa na mwiko, usiniite. Ukiona sifai, nitoe, nami nitaondoka bila kinyongo."

Bwana akatazama mikono ile iliyojaa makovu ya moto.

"Kila nikikuita waniambia 'labeka bwana'. Ningejuaje?" Kisha akashtuka. "Na mke wangu amesikia?"

"Wake zetu husukana nywele, bwana."

"Ndiyo maana hunitazama vile!" Akashusha pumzi. "Nimekusamehe, nami unisamehe. Koroga." Akaenda kulibeba gunia mwenyewe.

Ndugu zangu, wengi wetu twasifiwa subira, na huku nyumbani hatujabakisha neno. Ndipo twachoka, na aliyetuudhi hana habari. Ewe Mola, tupe moyo wa kulipeleka neno kwa mwenyewe, tena kwa adabu, kabla halijazunguka mji mzima.