Bi Kishingo na Simbilisi Madume Wanne

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nimesema paukwa, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako!"

"Pakawa!"

"Haya, sogeeni kidogo. Moto unatutosha wote."

Hapo zamani za kale, huko juu kwenye nchi ya baridi, ukungu unakoshuka mpaka mlangoni, palikuwa na jiko la Bibi Atupele. Ndani ya jiko hilo, pembeni karibu na kuni, alikaa kuku mmoja. Jina lake Bi Kishingo, maana shingo yake ilikuwa tupu, haina unyoya hata mmoja.

Bi Kishingo alikuwa akilalia mayai. Mayai kumi na moja. Mara ya kwanza mwaka ule alitaga, kicheche akaja akayala. Mara ya pili alitaga, mvua ikaingia, mayai yakaoza. Hii ilikuwa mara ya tatu. Akajikunja juu ya mayai yake, akasema, "Safari hii sinyanyuki. Hata jiko likishika moto, sinyanyuki."

Kumbe hajui yanayokuja.

Bibi Atupele alifuga simbilisi humo jikoni. Mnawajua simbilisi? Wale wanyama wadogo wanono wasio na mkia, wakisikia mtu anakata majani wanapiga kelele, wiii! wiii! wiii! Walizaana, wakazaana, mpaka mtu akitaka kusonga ugali lazima atazame kwanza pa kukanyaga. Bibi Atupele akachoka. Akasema, "Basi! Majike kule, madume huku."

Akakamata madume wanne, akawatia kwenye sanduku moja la mbao. Sahani moja. Kikopo kimoja cha maji. Chungu kibovu kimoja cha kulala, mdomo wake mmoja. Sanduku akaliweka katikati: upande huu majike wanapita na kunukia, upande huu kiota cha Bi Kishingo.

Madume wenyewe ni hawa. Madoa, mtu mzima, mzito, hana haraka. Tambo, kifua mbele. Gubu, anayekumbuka kila ubaya aliotendewa tangu kuzaliwa. Na Kinyoya, mdogo wao, juzi tu ameacha ziwa.

Siku ya kwanza haikufika hata adhuhuri. Tambo akaanza kutembea kwa madaha, kiuno kushoto, kiuno kulia, drrrrr! Gubu akasaga meno, keke-keke-keke! Tambo akaruka. Gubu akaruka. Manyoya yakapaa, yakatua puani mwa Bi Kishingo.

Bi Kishingo akanyanyuka.

"Ninyi! Kuna nini?"

"Amelala kwenye chungu changu," akasema Gubu.

"Chungu chako tangu lini?" akauliza Tambo.

"Tangu asubuhi."

"Mimi nimekiona tangu alfajiri!"

Bi Kishingo akasimama juu ya ukingo wa sanduku, akawahubiria. Akawaambia wao ni damu moja. Akawaambia damu ni nzito kuliko maji. Akasema maneno mazuri mpaka mwenyewe machozi yakamlengalenga. Madume wakainamisha vichwa. Tambo akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Gubu akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu."

Bi Kishingo akarudi kiotani. Akakunja mguu wa kulia. Akakunja wa kushoto. Kabla tumbo halijagusa mayai:

Keke-keke-keke!

"Mungu wangu!" akasema Bi Kishingo.

Siku ya pili akapata wazo. "Nyumba isiyo na mkubwa haina amani," akawaambia. "Chagueni mkubwa."

"Mimi," akasema Tambo.

"Huyu?" akauliza Gubu.

"Mimi ndiye mwenye kifua."

Basi akawa Tambo. Tambo akapanda katikati ya sahani, akaketi juu ya chakula. Anayetaka kula aombe. Madoa akaomba, akapewa jani moja. Kinyoya akaomba, akapewa bua. Gubu hakuomba. Gubu aliuma. Sikio la Tambo likachanika, damu ikatoka, na wote wawili wakajirusha ukutani mwa sanduku, puu! Sanduku likapinduka, likaangukia kiota.

Bi Kishingo alikuwa amekwenda kunywa maji, mafunda mawili tu. Aliporudi alikuta mayai mawili yamepondeka.

Alisimama akayatazama. Ute ulikuwa unaingia kwenye majani taratibu. Kisha akaketi juu ya tisa yaliyobaki, akageuza uso ukutani.

Kinyoya akamjia polepole. "Shangazi, pole."

"Niache, mwanangu."

"Shangazi, mimi sikufanya kitu."

"Najua. Niache."

Bibi Atupele akaingia, akaona sanduku, akaona damu. Akaweka mikono kiunoni. "Madume gani haya! Nikiona damu tena, wote wanne wanaingia chunguni Jumamosi." Akalisimamisha sanduku, akawarudisha ndani, akatoka.

Siku ya tatu Bi Kishingo hakusema neno. Si kwa hekima, msije mkadhani ni hekima. Sauti ilikuwa imemkauka. Kwa vile hawezi kufoka, akabaki kutazama. Na kwa vile anatazama, akaona.

Aliona kwamba ugomvi hauanzi popote tu. Unaanzia kwenye sahani. Unaanzia kwenye mdomo wa chungu, mmoja anatoka, mwingine anaingia, hakuna pa kupishana. Na jike likipita nje, hapo ndipo wazimu unapanda kabisa. Aliona pia kwamba mara nyingine Madoa anatikisa kiuno, drrrrr, Kinyoya anainamisha kichwa, halafu basi, wanakula. Ile si vita. Ni salamu zao tu. Akakumbuka kwamba kila aliposikia drrrrr alirukia pale kwa makelele, na makelele yake ndiyo yaliyowatia wazimu.

"Kumbe na mimi nimo," akajisemea. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

Bibi Atupele alipokuja kupuliza moto, Bi Kishingo akamwita kwa sauti iliyokwaruza.

"Mama, wale madume kosa si lao peke yao."

"Kosa la nani?"

"Umeweka wanne. Sahani moja, mlango mmoja, na majike mbele ya pua zao. Hata wewe na wifi zako ningewaweka humo mngeng'oana nywele."

"Kuku ananifundisha kufuga?"

"Sikufundishi, Mama. Nimechoka!"

Bibi Atupele akacheka mpaka akakohoa moshi. "Haya. Nitafanya utakavyo. Lakini Jumamosi nikikuta damu mbichi?"

"Wapike."

"Na wewe uliyewatetea?"

Hapo Bi Kishingo angenyamaza tu. Lakini hasira ikamtangulia. "Na mimi unitie chungu hicho hicho!"

Neno likishatoka halirudi. Tisa chini ya tumbo lake, na yeye ameuza shingo kwa ajili ya Tambo na Gubu!

Kazi ikaanza. Sanduku likasuguliwa kwa majivu na maji ya moto mpaka likaacha kunuka ya jana. Madume wakatolewa nje, uani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukojoa akasema hapa ni kwangu. Majani yakatawanywa huku na huku. Sahani nne. Vikopo vinne. Vyungu vibovu vikatobolewa nyuma, kila kimoja kikawa na mlango wa kuingilia na mlango wa kukimbilia. Majike hawaonekani, hawanukii.

Bi Kishingo akayafunika mayai kwa manyoya, akatoka mara moja kutazama. Tambo akafanya drrrrr. Bi Kishingo akafungua mdomo. Akaufunga. Gubu akasaga meno. Bi Kishingo akasaga mdomo wake wa kuku, lakini hakusema. Madoa akapita, Kinyoya akafuata nyuma yake, wakalala bega kwa bega kwenye jua. Naam!

Lakini Tambo na Gubu? Uwanja mzima, sahani nne, vyungu vinne, na bado walitafutana. Gubu akitoka kwake anakwenda kumtazama Tambo anakula nini. Siku ya pili yake wakakabiliana midomo wazi, manyoya yamesimama, na safari hii haikuwa salamu. Bi Kishingo akaona ile shingo yake tupu ikianza kuchemka.

"Mama! Lete fito!" akapiga kelele. "Lete fito upesi!"

Bibi Atupele akatupa kitambaa juu yao, akawatenganisha. Akasimamisha ukuta wa fito. Tambo huku. Gubu huku. Wanaweza kunusana, wanaweza kusemeshana, hawawezi kuumana. Madoa na Kinyoya upande wao.

"Shangazi," akasema Madoa, "ulitaka tukae pamoja wote wanne."

"Nilitaka," akasema Bi Kishingo. "Nilitaka mengi. Kaeni mkiwa hai, inanitosha."

Jumamosi ikafika. Maji yakabandikwa. Bibi Atupele akatoka uani na karai, Bi Kishingo nyuma yake. Madoa akanyanyuliwa, akageuzwa. Safi. Kinyoya, safi. Tambo, kovu la zamani, kavu. Safi.

Gubu akanyanyuliwa. Puani, tone jekundu. Bichi.

Bi Kishingo akafumba macho. Alimjua Gubu. Gubu alikuwa tayari kuingia chunguni, mradi Tambo aingie naye.

"Nani kakuuma?" akauliza Bibi Atupele.

Gubu akamtazama Tambo. Tambo alikuwa amelala kwenye chungu chake, miguu nje, hana habari. Gubu akatazama sahani yake, imejaa. Akatazama milango yake miwili.

"Hakuna," akasema Gubu. "Nimejikwaruza mwenyewe kwenye fito. Nilitaka jani la Tambo."

"Tambo amekufanya nini?"

"Amelala tu."

Bibi Atupele akaupapasa ule ufito, akakuta utepe wa damu kwenye ncha. Akaangua kicheko, akageuza karai kifudifudi. Siku hiyo walikula ugali kwa maharage.

Bi Kishingo alirudi kiotani mbio. Akalia kidogo kwa ajili ya yale mawili, maana sasa alipata nafasi ya kulia. Siku zilipotimia, mayai yakagongwa kwa ndani, ko, ko, ko! Tisa aliyalalia, nane yakaanguliwa.

Siku ya tatu vifaranga wawili wakakamata nyungunyungu mmoja, huyu anavuta huku, huyu anavuta huku, pii! pii! pii! Bi Kishingo akavuta pumzi ndefu. Hakuwaambia kwamba ni ndugu. Alikwenda chini ya migomba, akachakura, chaku-chaku-chaku, akawatolea nyungunyungu wa pili.

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: usiwabane watu mahali pamoja kisha ukawalaumu kwa kusukumana. Wape nafasi kwanza, maneno baadaye. Na wasioweza kulala chumba kimoja, waache wawe majirani wema. Si kila ndugu ni wa kulala naye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye masikio aende nayo nyumbani.