Kisamvu Kisicho na Chumvi

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakiwasema wanaotafuta watoto peke yao. Mwenye shida akiificha kwa aibu au kwa woga, huwafungia mlango hata wale ambao wangemfaa. Aliyeyaonja hayo ni Chausiku binti Mwishehe wa Tandale, enzi za Mwingereza, Tandale ilipokuwa ingali mashamba ya mihogo na minazi.

Chausiku alikuwa darasa la nne. Mama yake alikwisha fariki, naye aliishi na baba yake, mzee Mwishehe, mtu mpole mwenye kifua kibovu. Kukohoa kwake kulisikika mpaka njiani. Ilibaki miezi miwili na siku chache tu afanye mtihani wa kuingia shule ya kati, na mwalimu Apolonia alikwisha mwambia wazi kuwa atapita. Ndipo asubuhi moja akaona damu. Alikuwa amevunja ungo.

Loh! Wengine hupigiwa vigelegele, Chausiku aliogopa. Alimkumbuka Hamisa, binti wa baba yake mkubwa, aliyewekwa ndani alipovunja ungo, akiwa darasa la tatu. Alikaa mwali mwaka mzima, akatolewa kwa ngoma, akaozwa. Madaftari yake yalifungiwa karanga. Na aliyemweka ndani ni shangazi yao, Bi Tatu wa Gongo la Mboto.

"Sisemi ng'o," Chausiku alijiapia.

Akachana kanga kuukuu ya marehemu mama yake, akapata sodo nne. Alizifua kisimani kabla watu hawajafika, akazificha chini ya mkeka aliolalia. Hazikukauka, akazivaa mbichi hivyo hivyo. Shuleni aliacha kuruka kamba, akawa anakaa peke yake ukutani, asije akainuka na doa. Wenzake wakamtania, "Chausiku siku hizi bibi harusi, hainuki!" Alicheka nao, kisha akaenda chooni kulia. Hakuwa na mtu wa kumwuliza hata kama damu ile ni ugonjwa.

Jambo moja alilijua, kwani kila mtoto wa pale aliambiwa: mwanamke aliye katika siku zake hatii mboga chumvi, akiitia, mlaji atashikwa na kikohozi. Na kifua cha baba ndicho kile! Basi siku hizo alipika kisamvu chapwa. "Chumvi imekwisha, baba," alidanganya. Mwezi wa kwanza baba alikula. Wa pili akala. Mwezi wa tatu Bi Tatu alikuwa amekuja kumjulia hali kaka yake. Alionja tonge moja, akamtazama mtoto, akaenda jikoni kufunua kopo. Chumvi ilikuwa tele.

"Huu mwezi wa ngapi?" akamwuliza taratibu.

"Wa tatu, shangazi."

Alipomgusa, mwili ulikuwa wa moto. Mapaja yalikuwa yamechubuka na kutunga usaha kwa vitambaa vile vibichi.

"Uliniogopa mie?"

"Ungeniweka ndani. Kesho ndio mtihani."

Bi Tatu akakaa chini, akashika kichwa. "Ewe mwanangu! Siku ya kumweka mwali ndani naitaja mie, si mwingine. Hata Hamisa hakunena kuwa anataka shule. Ningekungoja, mama. Ungeniambia tu!"

Kulipokucha Chausiku alivaa gauni la shule, akaanguka mlangoni. Akiwa amelala, aliwasikia wenzake njiani wakimwita, "Chausiku! Tunachelewa!" Shangazi akatoka kuwajibu. Kisha akazifua zile sodo kwa maji ya moto, akazianika uani kwenye jua kali, majirani wakitazama. Zilikauka kabla ya adhuhuri, na mtihani ulikuwa umekwisha.

Nafasi ile haikurudi tena. Wapo watakaomlaumu Chausiku. Mie nawalaumu waliomfundisha kuona haya kabla hawajamfundisha kusema. Lakini aliyebaki nyumbani wenzake wakienda shule ya kati ni yeye, peke yake, akijua kuwa neno moja tu lingemvusha. Kweli, mficha uchi hazai.