Kitendawili Alichokiacha Bibi Mkunde

Asiye na jibu atoe mji.

Ndivyo alivyoambiwa Sefu jana hapa kibandani, alipokuwa akitueleza ugonjwa wa mbuzi wa Mama Rehani kwa maneno ya kidaktari, na mbuzi mwenyewe hajamgusa. Mlicheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kengwa akasema bila shaka ni ya wahenga. Si ya wahenga. Ni methali changa, ndogo kuliko wengi wenu kwa umri, na ilizaliwa hapa hapa Korogwe, mtaa wa pili kutoka tulipokaa. Nimechoka kuisikia ikitamkwa na watu wasiomjua mzazi wake. Basi tulieni, niwaeleze ilivyozaliwa.

Palikuwa na fundi cherehani, Mwantumu binti Semkiwa, aliyeishi na baba yake na bibi yake mzaa baba, Bibi Mkunde. Bibi huyo alikuwa bingwa wa vitendawili. Mwantumu aliponunua simu yenye kamera nzuri, alimkalisha bibi kwenye kigoda mbele ya ukuta wa kijani wa chumba cha kushonea, akafungua chaneli mtandaoni akaiita Tega na Bibi. Kila Ijumaa walirusha video. Bibi alijifunga kilemba, akakohoa kidogo kama mtu anayeingia barazani kwa watu wazito, akasema, "Kitendawili." Watazamaji wakaandika, "Tega." Akatega. Jibu alilitoa Ijumaa iliyofuata, na kabla ya kulitoa alidai haki yake.

Haki yenyewe wengi wenu mmeisahau kwa sababu vitendawili mnavisoma vitabuni, majibu yako ukurasa wa nyuma. Kwa watu, jibu halitoki bure. Aliyeshindwa kutegua humpa mtegaji mji. Husema, "Nakupa Tanga," au mji wowote aupendao. Mtegaji akiupokea hujisifu kidogo: nimekwenda Tanga, nimepokewa vizuri, nimekula wali na samaki, nimerudi. Hapo ndipo anapolitoa jibu. Bibi Mkunde alikuwa na tamaa ya miji. Watu wakampa Tabora, Voi, Kigoma, Bujumbura. Yeye, ambaye hakupata kulala mbali kuliko Lushoto, alizunguka dunia nzima akiwa juu ya kigoda. Watu walimpenda kwa safari hizo kuliko hata kwa majibu.

Ijumaa moja akatega hiki: "Nyumba ya babu ina mlango mmoja. Anayeingia hatoki, na anayetoka hakuingia." Akafunga mdomo, video ikaisha.

Kabla ya Ijumaa ya pili kifua kilimbana. Alipelekwa hospitali, na hakurudi.

Mwantumu aliandika kwenye chaneli kwamba bibi ametutoka. Pole zikaja nyingi. Lakini siku zilivyopita watu wakaanza kuuliza jibu, kwa upole kwanza. Naye jibu hakuwa nalo. Bibi hakuwa na desturi ya kumwambia mtu jibu kabla ya wakati, hata mjukuu wake aliyeshika kamera. Mwantumu aliuliza ukoo mzima, shangazi zake, majirani, wazee wa msikitini. Kila mmoja alitoa lake, na kila jibu lilitosha nusu. Yai linafaa kwa anayetoka, halifai kwa anayeingia. Kaburi linafaa kwa anayeingia, halifai kwa anayetoka. Kisha mtazamaji mmoja akaandika kwamba bibi alijitabiria kaburi lake, wengine wakalishika neno hilo, ikawa kama wanamfukua. Mwantumu akaizima simu, akaitia kwenye kasha la vitambaa.

Alinyamaza muda mrefu. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena na tena. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na watu wakamsifu kwa mshono wake. Lakini aliwahi kunieleza kwamba Ijumaa zilikuwa zinamlemea. Mikono ilikuwa kwenye cherehani, masikio yakisubiri kikohozi kile cha kuanzia. Alitaka kurudi. Alijua vitendawili vingi vya bibi yake, sauti alikuwa nayo, na ile kazi ilikuwa kitu pekee alichokifanya bila kupangiwa na mtu. Ila kila alipofikiria kuwasha kamera aliona swali moja limekaa mlangoni: jibu liko wapi? Hakuona namna ya kulipita.

Jioni moja aliwasikia watoto wa jirani wakicheza nyuma ya nyumba. Mmoja amejifunga kanga kichwani, anakohoa, anasema "Kitendawili" kwa sauti ya Bibi Mkunde hasa, na wenzake wanaitikia "Tega." Watoto hao walikuwa wachanga bibi alipofariki. Walimjua kwa zile video za zamani, ambazo bado zilikuwa zinatazamwa. Mwantumu akasimama dirishani moyo umemjaa. Ndipo yule wa kanga alipotega kitendawili cha nyumba ya babu. Wenzake walishindwa, wakadai jibu. Naye akasema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, "Jibu amekimbia nalo mjukuu wake."

Neno la mtoto halina pazia. Usiku ule Mwantumu hakula. Asubuhi aliitoa simu kwenye kasha, akaichaji, akapangusa ukuta wa kijani, akaanza kurekodi. Alikuwa ameamua. Angesema bibi alimnong'oneza jibu hospitalini, na jibu lenyewe ni kaburi. Nusu haifai, lakini nani atambishia mjukuu? Watu wataridhika, swali litaondoka mlangoni, naye atapita.

Alirekodi mara ya kwanza, akaifuta. Akarudia. Baba yake, Mzee Semkiwa, alikuwa chumba cha pili anavaa viatu aende kazini. Akaja akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Mama alikuambia kaburi?" akauliza.

Mwantumu akasimamisha kurekodi.

"Nakuuliza kwa sababu hospitali nilikuwapo mimi. Alichokuomba ni uji, ukamletea una chumvi nyingi, akakusema."

"Baba, watu wanadai jibu. Nitawaambia nini?"

"Kwani aliyetega ni wewe?"

Hilo Mwantumu hakuwahi kujiuliza. Alimtazama baba yake.

"Mimi mama yangu amenitega tangu sijaota meno," Mzee Semkiwa akasema. "Nikijua, nilitegua. Nisipojua, nilitoa mji. Nimemaliza miji ya Tanganyika nikahamia ya Kenya, na hakuna siku aliyonifukuza pale motoni tulipokuwa tukiota. Wewe umekaa kwenye kiti cha mtegaji wakati umetegwa kama sisi. Shuka. Asiye na jibu atoe mji, mwanangu. Usimtie marehemu neno mdomoni, hawezi kulitema."

Akavaa kiatu cha pili, akaenda kazini.

Hapo ndipo maneno haya yalipotamkwa mara ya kwanza, vijana. Yalitamkwa na baba kwa mwanawe, kwenye chumba cha kushonea. Sioni aibu kusema hivyo mbele ya mtu yeyote anayedhani methali lazima ziwe na mvi.

Mwantumu alifuta alichorekodi. Akakiweka kigoda cha bibi mbele ya ukuta kikiwa kitupu, yeye akakaa chini kwenye mkeka, mahali pa wanaotegwa. Akawaambia watazamaji kwamba alipotea kwa sababu ya aibu, kwamba jibu hakupewa, na kwamba alikaribia kuwadanganya kuwa ni kaburi. Kisha akakigeukia kigoda akasema, "Bibi, nimeshindwa. Nakupa Korogwe." Akaizima kamera, akairusha video kabla hofu haijamrudia.

Alitazamia matusi. Kutwa nzima hakuigusa simu. Alipoifungua alikuta miji. Nakupa Dodoma, Bibi. Nakupa Kisumu. Nakupa Songea, mvua ikinyesha. Dereva mmoja wa lori alitoa kila mji aliowahi kulala kwenye kiti chake. Mwanamke mmoja alisema hana mji, yuko shamba, basi anatoa shamba. Na Mwantumu alipopekua nyuma, kwenye ile video ya mwisho ambayo aliogopa kuifungua miaka yote, akaona kwamba wale wa kaburi na wa kuuliza walikuwa wachache tu. Wengi walikuwa wakimpa bibi miji tangu zamani, Ijumaa hadi Ijumaa, wakijua hayupo wa kuipokea. Alikaa na simu mapajani akasoma kila mmoja, akimwambia kila mtu asante kwa sauti, kama vile wanaingia chumbani mmoja mmoja na yeye anawapokea.

Baada ya siku chache akapigiwa simu ya video kutoka Handeni. Kwenye kioo alionekana bikizee mwembamba, na nyuma yake mjukuu aliyekuwa akimshikia simu.

"Wewe ndiye mjukuu wa Mkunde?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Nyange. Bibi yako alikuwa mwizi, nataka ulijue hilo kwanza. Juzi nimelala, namsikia huyu mtoto anachezea simu, nasikia kitendawili changu kinasemwa. Nikasema, mwizi yule kumbe alikwenda nacho Korogwe."

Mwantumu akaisogeza simu karibu. "Bibi, unalijua jibu?"

"Nipe mji."

"Nimeshatoa Korogwe."

"Umempa yeye. Mimi nipe wangu."

"Nakupa Handeni."

"Handeni nipo. Nitaendaje nilipo? Ulizaliwa juzi, lakini si juzi hiyo. Nipe wa mbali."

"Nakupa Mbeya, bibi."

"Mbeya baridi," Bibi Nyange akasema. "Lakini haya. Nimekwenda Mbeya, nimepokewa kwa heshima, nimekula viazi na maziwa, nimelala na mablanketi matatu, nimerudi. Jibu ni hili: hakina jibu."

Mwantumu alidhani hakusikia vizuri. Bibi kizee yule akacheka mpaka mjukuu wake akalazimika kuishika simu vizuri, kisha akaeleza. Yeye na Mkunde walikua pamoja, na walipokuwa wasichana walipelekwa shambani kuamia ndege wasile mpunga. Walikaa wengi kwenye dungu moja, jukwaa la miti juu ya mpunga, kila mmoja akilinda upande wake. Akija msichana mgeni walimtega kitendawili hicho, walichokitunga wenyewe ili kisiwe na jibu. Mgeni aliyejibu chochote, yai, kaburi, tumbo la mama, na akaapa kwamba ndicho, walimtuma mtoni akawatekee maji wote. Aliyesema nimeshindwa, nawapa mji, walimsogezea nafasi akakaa.

"Tulikuwa na sababu," Bibi Nyange akasema. "Mtu asiyeweza kusema sijui, ndege wakiingia upande wake hatakuambia. Utajua siku ya kuvuna. Mkunde amewategeni nyote, mama, na kifo kimemkata kabla hajacheka. Hebu niambie, ni wangapi waliojibu?"

"Wengi mno, bibi."

"Wakateke maji. Na wewe ungesema lile kaburi lako, ningekupigia hivi hivi, nikutume mtoni mbele ya watu."

Mwantumu alicheka. Alicheka na machozi yakimtoka, akainama mkekani, na Bibi Nyange akamwacha, hakumwambia anyamaze. Ulikuwa msiba uliokuwa umekaa kifuani tangu ile Ijumaa ya zamani, na ulitoka kwa mlango wa kicheko.

Kwa ruhusa ya Bibi Nyange mazungumzo yale yakarushwa Ijumaa. Mtawauliza wakubwa wenu, watawaambia ilivyokuwa. Waliokuwa wamejibu kaburi walijipiga picha na ndoo kichwani wakazituma. Waliojibu yai wakatuma picha za madumu. Yule aliyeandika kwamba bibi alijitabiria aliomba radhi, akatuma picha ya mkokoteni mzima wa maji. Hakuna aliyemzomea.

Ijumaa iliyofuata Mwantumu alikaa kwenye kigoda. Alikohoa kidogo. Kabla ya kutega aliwashukuru: wale waliotoa miji kwa mtu asiyekuwepo, baba yake aliyesimama mlangoni na kiatu mkononi, Bibi Nyange na wizi aliousamehe. Alisema amekaa nje miaka yote hiyo akidhani mlango unafunguliwa na jibu, kumbe ulikuwa wazi, na watu walikuwa wamemwachia nafasi. Kisha akasema, "Kitendawili," na "Tega" zikaja nyingi kuliko alivyoweza kuzisoma.

Tangu hapo, mtu akilazimisha kujua asichokijua, kwenye mkutano, dukani, hata mahakamani, husikii akiambiwa mwongo. Huambiwa kwa upole, na mtu anasogea kidogo kumpisha akae: asiye na jibu atoe mji.