Gesi Haiishi, Hutoroka

"Gesi haiishi, hutoroka."

Bi Tunu alimwambia hivyo mjukuu wake Ngoda Jumamosi iliyopita, Ngoda alipopita kumwonyesha kitenge alichomnunulia mkewe. Mke huyo alikuwa amerudi kwao kwa mara ya pili mwaka huu, na mara ya kwanza alirudishwa kwa kitenge vilevile. Wajukuu waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

"Bibi, mbona ya jikoni huisha kila mwezi?"

Bi Tunu akawaambia waketi. Methali hiyo, alisema, msiitafute kwa wahenga. Ilizaliwa ubavuni mwa nyumba hii, pale penye nguzo ya kamba ya nguo. Nao wakasikia ilivyokuwa.

Miaka sita iliyopita moyo wa Bi Tunu ulianza kuchoka. Daktari akamwambia kwamba joto la Tanga ndilo adui yake. Ama apate mahali pa baridi pa kulala, ama ahame. Baridi ya bure ilikuwapo Lushoto, kwa binti yao Kidawa, na Kidawa alikwisha kumtandikia kitanda. Lakini Mzee Mhina, mumewe, asingeweza kumfuata. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja, na hao ndio waliowalisha. Ng'ombe hawaachiwi jirani.

"Ukienda, nani atanikaripia?" Mzee Mhina aliuliza. Akachukua akiba yote ya maziwa, akauza na pikipiki yake, akanunua kiyoyozi.

Kilifungwa chumbani mwezi wa Septemba. Mashine ya ndani ilikaa juu ya dirisha, boksi la nje likatundikwa ukutani upande wa zizi, na mabomba mawili ya shaba yakaviunganisha. Bi Tunu alilala kama mtoto aliyeshiba. Asubuhi alimkuta mumewe amejifunika blanketi mpaka puani, anatetemeka, na bado anasema hewa ni nzuri.

Ilipofika Novemba kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Fundi Chande, aliyekifunga, akaja na mtungi wake.

"Gesi imeisha, mzee."

"Mara hii?"

"Kwani mtungi wako wa jikoni hauishi?"

Jibu hilo liliwaingia wote wawili. Wao walipikia gesi miaka mingi. Walijua mtungi huisha, tena hupenda kuisha wali ukiwa haujaiva. Wakalipa, baridi ikarudi. Desemba baridi ikaondoka tena, wakalipa. Januari hivyo hivyo. Kila safari ilimeza maziwa ya wiki tatu, na kila safari Chande alikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.

Mara ya nne Chande hakufungua hata mtungi. Alikuna kichwa, akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imechoka, iwekwe nyingine. Alipotaja bei, Mzee Mhina alitazama zizini. Ilikuwa bei ya mtamba.

Jioni ile Bi Tunu alimwona mumewe anamsugua mtamba mgongo, taratibu, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akajua maana yake. Alivuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja khanga zake.

Mzee Mhina akasimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Usimuuze mtamba, baba Kidawa. Baridi ya Lushoto haihitaji fundi."

"Na mimi?"

Bi Tunu aliendelea kukunja. Walikuwa wamelala chini ya paa moja miaka arobaini na miwili.

Mwalimu aliyenunua maziwa kwao ndiye aliyewaambia wasiuze kitu kabla ya kusikia fundi wa pili. Siku ya pili yake asubuhi akaja Mwantumu, dada mmoja mrefu aliyevaa ovaroli na ushungi, na kisanduku cha vifaa begani.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Kabla sijagusa kitu, tukubaliane. Kukagua ni shilingi elfu ishirini. Nikishajua ugonjwa nitawaambia bei ya kutengeneza, nanyi mtasema ndiyo au hapana."

"Kuangalia tu nako kunalipiwa?" Mzee Mhina alishtuka. "Chande alikuwa anaangalia bure!"

"Na bure yake inataka kukugharimu ng'ombe, nimesikia."

Bi Tunu, aliyekuwa ndani na begi lake, alicheka mpaka akakohoa.

Mwantumu akaanza na mashine ya ndani. Alichomoa chujio, akamwonyesha Mzee Mhina: limefunikwa vumbi na vipande vya majani ya ng'ombe kama blanketi. "Hili utaliosha mwenyewe kwa maji, kila baada ya wiki mbili. Hapo huhitaji fundi." Kisha akauliza gesi imeongezwa mara ngapi.

"Mara tatu."

"Ikaenda wapi?"

"Si imeisha? Imetumika."

"Babu, ya jikoni inaungua ndiyo maana inaisha. Hii haiungui. Inazunguka humo ndani, inakwenda na kurudi, kama damu. Wewe damu yako uliongezewa lini?"

"Tangu nizaliwe sijaongezewa."

"Basi. Ukiona damu ya mtu imepungua, utamwongezea tu bila kutafuta jeraha? Gesi haiishi, babu. Hutoroka."

Akasukuma hewa ya majaribio ndani ya mabomba, akakoroga sabuni kwenye kikombe, akapaka povu kila kiungo. Palipotoboka, alisema, patatoa mapovu. Wote wawili wakainama kutazama. Hakuna kilichotokea. Akapaka tena. Povu lilitulia kama limelala. Mwantumu akakunja uso, na Mzee Mhina akaanza kuwaza tena bei ya mtamba.

Wakati huo Bi Tunu alitokea na beseni. Alikuwa amefua mashuka, kwa kuwa hakutaka kumwachia mumewe kitanda kichafu. Akapita nyuma yao, akatupa shuka lililolowa juu ya kamba. Kamba ikavutika, na bomba la shaba likainama kidogo.

"Simama hapo hapo, bibi!" Mwantumu alipiga kelele.

Kwenye kiungo, povu lilikuwa linachemka kama uji.

Bi Tunu akaondoa shuka. Mapovu yakakoma. Akalirudisha. Yakaanza tena. Mwantumu akaifuata kamba kwa kidole, kutoka mpera wa nyuma mpaka kwenye bomba, palipofungwa fundo kubwa, zuri, la mtu aliyezoea kufunga ng'ombe.

"Nani alifunga kamba hapa?"

Kuku mmoja akapita. Mzee Mhina alivua kofia, akaitazama kwa ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Ni mimi. Mwezi wa Oktoba," alisema mwishowe. "Kamba ya zamani ilikuwa kule nyuma ya zizi. Sikutaka mama Kidawa atembee juani."

Bi Tunu alishika kiuno. "Kumbe mwizi wa baridi yangu nalala naye kitanda kimoja!"

Alisema hivyo huku machozi yamemjaa. Kwa miezi mitatu walikuwa wanamlipa Chande kuongeza kilichokuwa kinatoroka, na aliyekitorosha hakuwa adui. Ni huruma tu iliyofungwa mahali pasipofaa.

Mwantumu alitaja bei, wakakubali. Akaikata ncha ya bomba iliyoharibika, akaunga upya, akajaza gesi kwa kupima, akawaambia kompresa ni nzima kabisa. Mzee Mhina akachimba shimo mchana ule ule, akasimamisha nguzo ya mkaratusi. Begi likarudi chini ya kitanda. Mtamba alizaa mwaka uliofuata. Kila Ijumaa ya pili, mpaka Ijumaa ya mwisho aliyoiona, Mzee Mhina aliosha chujio, na mashuka alianika mwenyewe. Majirani walimcheka. Hakujali.

Bi Tunu aliponyamaza, wajukuu wote waligeuka kuitazama nguzo. Sasa imeinama kidogo, na hakuna anayethubutu kuinyoosha.

"Bibi," Ngoda alisema polepole, "mimi kila mke wangu anapokasirika namletea kitu. Sijawahi kumuuliza."

"Muulize. Huenda ulifunga kamba mahali, tena kwa nia njema."

Ngoda alisimama. Kitenge alikiacha barazani, juu ya mkeka, akatoka mikono mitupu kwenda ukweni.

Gesi haiishi, hutoroka.