Kompyuta Ndogo ya Bwana Mfaume

Bwana Mfaume, muuza kompyuta wa Lindi, alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na bei za kumrudisha. Siku moja Bi Siwatu aliingia dukani kwake kutafuta kompyuta ndogo ya bei nafuu, akaonyesha moja rafuni.

“Hii imeshatumika?”

“Mama, naapa mbele ya wateja hawa, imetoka kwenye boksi jana!”

Walipoiwasha, ikadai neno la siri. Bwana Mfaume hakulijua, lakini hakuwa mtu wa kukosa jibu.

“Hiyo ni kinga, mama. Inamtambua mwenyewe tu.”

“Kwa hiyo anayeifungua ndiye mwenyewe?”

“Mwenyewe kabisa!”

“Na anayeshindwa?”

“Huyo mwizi!” akacheka.

Bi Siwatu akabonyeza herufi saba bila kusita. Kioo kikafunguka, na wateja wote wakamwona humo pichani, Bi Siwatu mwenyewe, amemkumbatia mbuzi wake beberu.

Akaizima, akamsogezea Bwana Mfaume.

“Iliibwa sebuleni kwangu Ijumaa. Haya, tajiri, zamu yako. Ifungue.”

Bwana Mfaume akakodoa macho. Bi Siwatu akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akaitia kompyuta yake kwapani akaenda zake.