Ndugu wa Tumpe

Sogeeni, nina kesi imenishinda.

Kule Tukuyu walikuwapo vijana watatu waliotaka kutengeneza mchezo wa video. Ambakisye alikuwa na mkono wa kuchora. Tusekile alikuwa na sikio, alizunguka na kinasa sauti akikusanya milio. Gwamaka hakujua kuchora wala kurekodi, ila alithubutu pale wenzake walipoogopa.

Mchezo wenyewe ulikuwa bado mawazo tu: mtoto aliyepotea anatafuta njia ya kwao. Ambakisye akamchora mtoto huyo, msichana wa miaka saba, gauni la manjano, mfuko umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Umemtoa wapi?" wakamuuliza.

"Sijui. Mkono ulikwenda wenyewe."

Tusekile akaenda kwenye shamba la chai lililoachwa, akashusha kinasa sauti ndani ya kisima kikavu ili apate mvumo wa upepo. Aliporudi na kusikiliza, ndani ya upepo mlikuwa na mtoto anaimba taratibu.

"Tuifute," akasema. Ambakisye naye akataka kuuchana mchoro. Gwamaka akakataa katakata. "Tuwaonyeshe watu kazi ikiwa bado mbichi. Watuambie wanaona nini." Akaweka mchoro na sauti mtandaoni.

Siku ya tatu akaja mama mzee, Subilaga, ameshika simu ya jirani yake.

"Huyu ni Tumpe wangu. Ana miaka thelathini na moja tangu apotee. Mfuko huu niliushona mimi. Wimbo huu nilimtungia mimi. Mmeurekodi wapi, wanangu?"

Tusekile akawapeleka kisimani. Wanaume wakashuka, wakapanda na mifupa midogo na kipande cha kitambaa cha manjano.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika kati ya wale watatu. Ambakisye akishika kalamu, hutoka uso wa Tumpe. Tusekile anausikia wimbo hata akiziba masikio. Gwamaka akifumba macho, yumo kisimani, anatazama juu.

Siku ya mazishi, Mama Subilaga akatia udongo wa kwanza, kisha akawageukia.

"Udongo wa pili hutiwa na ndugu wa marehemu. Mimi sikujaliwa mtoto mwingine. Basi aliyenirudishia Tumpe ndiye ndugu yake, na Tumpe hatamsumbua tena ndugu yake. Ila ni mmoja tu. Nani?"

"Mimi nilimchora," Ambakisye akasema. "Bila uso ule, mama, usingesimama kutazama."

"Mchoro ungekuliza tu, mama," akasema Tusekile. "Kisima nilikifikia mimi."

Gwamaka alikuwa analia. "Nyie mlitaka kumfuta."

Mama amenyoosha chepe, na vijana watatu wamenyoosha mikono.

Haya, wewe uliyenisikiliza: ungekuwa mama huyu, chepe ungemkabidhi nani?