Kasuku wa Bure

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba zenye milango na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi, kulikuwa na kijiji ambacho mkubwa wake alikuwa Mzee Tembo. Karani wa Mzee Tembo alikuwa Bwana Fisi. Najua mnacheka. Mimi pia nilipohadithiwa nilicheka, lakini Tembo hakucheka, alimpa kazi.

Siku moja Fisi akapita nyumba kwa nyumba akigawa kasuku. Bure kabisa, na karanga za mwezi wa kwanza juu yake! Kasuku huyo alikuamsha asubuhi, akakukumbusha sufuria iliyo jikoni, akakubembelezea na mtoto. Nani angekataa? Mama Kanga alichukua wawili. Jambo moja tu Fisi alilitaja harakaharaka, ameshageuka kuondoka: kila asubuhi kasuku wote wangeruka kwenda ofisini kwake kumweleza waliyoyasikia, kwa ajili ya usalama wa kijiji.

Bi Digidigi naye alipokea wake. Alikuwa mdogo wa mwili, miguu kama njiti, na alikuwa na mtoto mmoja mchanga aitwaye Sikudhani. Sasa digidigi hana pembe za maana wala nguvu za kupigana. Humficha mtoto wake majanini mpaka apate mbio, na kinga yake ni hiyo tu. Kila alfajiri Bi Digidigi alimnong'oneza mwanawe: leo utalala pale, usitikisike mpaka nirudi.

Alfajiri moja akamwambia atamlaza kwenye kichaka cha mkwamba. Walipofika wakakuta siafu wametanda, basi akamlaza kwingine, nyuma ya jabali. Aliporudi kutoka malishoni alimkuta nani pale kichakani? Bwana Fisi, anarukaruka na kujikuna, siafu wamemwingia mpaka masikioni. Fisi akasema alikuwa anatafuta dawa ya tumbo.

Bi Digidigi akamchukua mwanawe, akarudi nyumbani mbio. Mahali pale alipataja mara moja tu, ndani, mlango umefungwa. Akainua macho juu. Kasuku alikuwa anamenya karanga. Na wiki ileile Mama Kanga alikuwa amepoteza vifaranga wanne, kila mmoja kwa siku aliyoaga kwamba anakwenda kisimani.

Bi Digidigi akaenda kushtaki kwa Tembo. Tembo alimsikiliza huku amefumba macho, kisha akamwambia mambo ya usalama ni mazito, mdogo kama yeye hawezi kuyaelewa, na karani wake ni mwaminifu.

"Mimi mwenyewe kasuku wangu yupo chumbani mchana na usiku," akasema. "Asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Mimi ninaficha mtoto, Mzee."

Tembo akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye wasiwasi, akaagiza aletewe uji.

Mngekuwa nyinyi mngelia. Bi Digidigi naye alilia, sitawadanganya, alilia njia nzima. Alipofika mlangoni kwake akapangusa machozi, akaanza kufikiri. Huyu Fisi anaamini nini? Anaamini kwamba mtu akiwa kwake, amefunga mlango, hasemi uongo. Haya basi.

Alfajiri iliyofuata akamkumbatia Sikudhani, akanong'ona, lakini si kwa kunong'ona sana: "Mwanangu, kuna msiba. Mzee Tembo amefariki. Amelala chumbani kwake, hajaoshwa, na mkewe anaficha mpaka watoto wake wafike. Usimwambie mtu."

Kasuku akaacha karanga. Purrr! Huyo, katokea dirishani.

Siku ile Bi Digidigi hakumlaza mwanawe popote. Alimbeba mgongoni, akawapitia Mama Kanga na majirani wengine, wakaenda kukaa uani kwa Tembo kumsaidia mkewe na mama mkwe wa Tembo kuchagua mchele. Tembo alikuwa ameshamaliza uji, amelala chumbani fofofo.

Haukupita muda Fisi akatokea, analia kwa sauti kubwa na machozi hamna. Begani alikuwa na makapu matatu, kiunoni kisu kilichonolewa. Akampa mke wa Tembo mkono wa pole. Mama wa watu akauliza pole ya nini. Fisi akamwambia asijisumbue kumficha, yeye ni mtu wa nyumbani, habari anazo zote, na marehemu atamwosha kwa mikono yake mwenyewe.

"Ila shemeji, mlango nitaufunga," akasema. "Asiingie mtu. Mambo haya yanataka faragha."

Akaingia, akafunga. Uani wakatazamana.

Huko ndani Tembo aliota anatekenywa. Akafungua jicho moja. Karani wake mwaminifu alikuwa anampima paja kwa shubiri, anajisemea polepole, "Makapu haya hayatoshi."

"Hayatoshi nini?" akauliza Tembo.

Puu! Mlango uling'oka, Fisi akatua uani kichwa chini, na makapu yakamfuata. Tembo akatoka, mkewe akamweleza pole aliyopewa, naye akamuuliza Fisi nani kamwambia amekufa. Fisi akasema watu. Watu gani? Watu tu, Mzee.

Bi Digidigi akasimama mbele yao, mtoto mgongoni. "Neno hilo nililisema mimi leo alfajiri, mara moja, ndani kwangu. Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu ambaye hajaanza kusema, na kasuku wa bure."

Mama Kanga akaanza kulia palepale, maana sasa alijua vifaranga wake walikokwenda. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Fisi akatimua mbio, na majirani wakamfukuza mpaka ng'ambo ya mto.

Waliporudi, Tembo akakohoa. Akasema kosa ni la Fisi peke yake, kasuku hawana hatia. Atatafuta karani mwingine, mwadilifu, na kazi itaendelea kama kawaida.

"Karani mwingine naye atakuwa na tumbo," akasema Bi Digidigi. Kisha akamgeukia kasuku wa Tembo, aliyekuwa amejikalia juu ya ule mlango ulioanguka. "Hebu tuambie, mwenzetu. Mzee akiwa chumbani humsemaje mama mkwe wake?"

Mama mkwe akaweka ungo chini. Tembo akamtazama mama mkwe, akamtazama kasuku. Kasuku akasafisha koo, akafungua mdomo.

"Mfukuzeni huyo!" akapiga kelele Tembo. "Na wenzake wote! Leo hii!"

Wanyama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kasuku wakarudi msituni kupiga soga wao kwa wao, na milango ikafungwa tena bila mtu kuulizwa kwa nini. Alfajiri iliyofuata Bi Digidigi akamnong'oneza mwanawe mahali pa kulala. Msiniulize ni wapi, hata mimi sikuambiwa, na Sikudhani alikua mpaka akapata mbio zake.

Basi watoto, shikeni hili: anayekuuliza unaficha nini, muulize kwanza yeye anataka kujua ili afanye nini.